Mtu Katika Jicho la Karani

Watu wakiambiwa kuna mwanamke anayeishi kwa kufuta vitu kwenye macho ya mbwa na paka, kwanza huangua kicheko, halafu huuliza kama hiyo nayo ni kazi. Ni kazi, tena ya kuumiza shingo. Mnyama akipigwa picha kwa karibu hubeba chumba kizima machoni: dirisha, taa, mguu wa stendi, ndoo iliyosahaulika pembeni, na mtu aliyesimama na kamera yake. Mwenye mbwa amemleta mbwa wake apendeze, hana haja ya kutundika ukutani ndoo ya mwenye studio. Kwa hiyo lazima apatikane mtu wa kuingia ndani ya lile jicho na kufanya usafi.

Mtu huyo mumewe alimpachika jina la Kifutio, na jina likamganda mpaka kwa wateja. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, macho makavu kwa kukodolea kompyuta, na mkono wa kulia uliotulia kama wa daktari wa meno. Kwa miaka kumi na mitatu mume alipiga, mke akafuta. Amefuta mwavuli, amefuta pikipiki, amefuta mtoto aliyekuwa akijikuna. Aliwahi kuletewa paka ambaye jichoni mwake alikuwemo mwanamume ameketi kwenye kochi, na mwenye paka akaeleza kwamba huyo ni mume wake wa zamani, picha ilipigwa kabla hawajaachana, atolewe upesi. Kifutio alimtoa kwa dakika mbili. "Mimi ilinichukua miaka sita," mwenye paka alisema, akaondoka na picha yake kwapani.

Kanuni ya kazi ilikuwa moja, na aliyemfundisha ni mumewe: toa mtu, acha mwanga. Ile nukta nyeupe ya dirisha usiiguse hata kwa bahati mbaya. Jicho lisilo na nukta ni shimo tu. Unaweza kuwa na mbwa mzima, mwenye afya zake, jana tu kaiba soksi, ukimwondolea ile nukta anaonekana kama mnyama aliyejazwa pamba na kuwekwa kabatini.

Sasa Jumatatu moja asubuhi akaja mama mmoja wa sauti kubwa, anayesimamia makazi ya mbwa waliotupwa, kule mwisho wa barabara. Kila mtu alimwita Dada wa Makazi, hata waliomzidi umri. Aliingia na manyoya kwenye sketi, harufu ya sabuni ya madoa, na picha moja iliyochapishwa. Akaliruka begi la kamera lililolala katikati ya mlango, akaiweka picha juu ya meza ya Kifutio, kisha akasimama akiwa amefumbata mikono.

"Dada, nina neno. Naomba usinielewe vibaya."

"Sema tu."

"Wale mbwa kumi na wanne ulionitengenezea baada ya msiba wa mumeo. Wote wamekufa."

Kifutio aliinua uso.

"Hapana, wazima! Wanakula kama wamelipiwa. Kwenye picha ndiyo wamekufa. Nimezibandika mwezi mzima, nimezituma kila mahali, hakuna hata aliyepiga simu kukosea namba. Nikasema ngoja nijaribu mwenyewe. Nimewapiga kwa simu yangu hii, picha mbovu, kidole changu kimo humo humo, na kumi na watatu wameshachukuliwa. Kumi na watatu, dada! Kwa kidole changu!"

Kifutio aliitazama ile picha. Alikuwa mbwa mzee wa rangi ya kahawia, masikio mazito, miguu ya mbele imebanwa pamoja kwa adabu. Walimwita Karani kwa sababu alivyokaa ilikuwa kama anangoja mtu arudi kutoka chai amgongee mhuri. Masikio mazuri, pua nzuri, kila unywele mahali pake. Na macho yake, yote mawili, meusi tii. Hakukuwa na nukta. Kifutio hakukumbuka kuitoa. Alijua aliitoa yeye kwa sababu hakuna mwingine wa kuitoa.

"Huyu amebaki," Dada wa Makazi alisema, na sauti yake kubwa ikapungua. "Nikitoa simu, ananigeuzia mgongo. Nikizunguka, naye anazunguka. Tumezungukana juzi mpaka majirani wakatoka kutazama. Hakuwa hivyo zamani. Ni tangu siku ile."

"Lini anatimiza?"

"Ijumaa."

Haikuhitajika kufafanua. Makazi yalikuwa na vibanda ishirini na mbwa wasiohesabika nje ya geti, na sheria yao ilikuwa siku tisini. Siku ya tisini ikifika bila mtu wa kumchukua mbwa, daktari wa mifugo anakuja na sindano, na Dada wa Makazi anaenda kusimama nyuma ya ghala mpaka imalizike.

"Siku ile si alipigwa picha nyingi?" Dada aliuliza. "Nyingine hazipo?"

"Zipo."

"Basi nitafutie moja yenye uhai. Moja tu."

"Nitaangalia," Kifutio alisema, kwa sauti ile ile ambayo mtu angejibia kwamba mvua haijanyesha.

Chumba cha pili, kile cha kupigia picha, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwanawe akikunja vitambaa vikubwa vinavyotundikwa nyuma ya wanyama. Alikuja kwenye msiba kwa wiki moja, na sasa miezi miwili na siku kadhaa ilikuwa imepita, hakuna aliyetaja habari ya kurudi. Vitambaa vilikuwa vitano tu. Alivikunja, akavikunjua, akavikunja tena. Kila jioni, akishaweka sahani mbele ya mkwewe na kuhakikisha anatafuna, aliuliza swali lake.

"Mwisho wake alisema nini, mwanangu?"

"Hakusema kitu, mama. Ilikuwa ghafla."

Mama mkwe angeitikia kwa kichwa, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuambiwa. Kesho yake angeuliza tena.

Kifutio hakulia kaburini, hakulia siku ya kumaliza matanga, na wala hakulia alipokuta mswaki wa mumewe ungali umekaa ndani ya kikombe. Wapo waliomsifu kwamba amejikaza. Wapo pia waliosema maneno mengine, ambayo yalimfikia kama maneno yote yanavyofika, naye hakuyajali. Ukweli ni kwamba alikuwa amekufa ganzi. Aliamka, alioga, aliwasha kompyuta, alifuta. Akiulizwa chai iko vipi alijibu nzuri, na kama ingekuwa na chumvi badala ya sukari angejibu vile vile. Begi la kamera alilikuta mlangoni siku ile ya msiba, pale pale mumewe alipolibwaga asubuhi, na mpaka leo hakuna aliyeligusa. Yeye na mama mkwe waliliruka kwenda na waliliruka kurudi, na wageni nao wakajifunza kuliruka.

Jumanne alijaribu njia ya mkato. Alifungua ile picha ya Karani, akachukua brashi ndogo kuliko zote, akachora nukta mbili nyeupe, moja kila jicho, upande wa juu, pale dirisha linapopiga. Akazikwaruza pembeni zisionekane zimebandikwa. Alitumia muda wa asubuhi nzima, akamtumia Dada wa Makazi. Baada ya nusu saa sauti ikarudi kwenye simu, nyuma yake mbwa wakibweka: "Dada, nashukuru, lakini sasa anafanana na mwanasesere. Mtoto wangu amemwogopa. Samahani sana, dada yangu. Samahani."

Kwa hiyo ikabaki folda.

Msomaji anastahili kuelezwa habari ya folda hii, kwani Kifutio mwenyewe hakumweleza mtu. Mumewe hakuwa mtu wa kuwinda mbwa na kamera mkononi. Mbwa, alisema, akiona jicho moja jeusi la kioo linamsogelea huficha uso. Aliiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akaipanga ijipige yenyewe kila baada ya sekunde tano, halafu akasimama kando akitikisa funguo na kutoa sauti za ajabu. Waya ulitoka kwenye kamera, ukapita kwenye tundu la ukuta, ukaingia kwenye kompyuta ya Kifutio upande wa pili. Kila picha ilipopigwa, papo hapo ilitua kwenye kioo chake na namba yake. Mume yuko huku anapiga, mke yuko kule tayari anafuta. Wateja walishangaa jinsi walivyofanya haraka.

Siku ile Karani alikuwa juu ya meza tangu saa tatu. Kifutio alikuwa na hedfoni masikioni, anasikiliza kipindi cha watu wanaogombana kuhusu mipaka ya viwanja. Picha zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine, na mbwa alikuwa na uso ule ule wa kungoja mhuri. Halafu ikaingia namba hamsini na nane. Masikio yalikuwa yamesimama, paji limekunjamana, kichwa kimeinama kidogo kuelekea chini, na macho yamejaa. Ilikuwa picha bora kuliko zote za wiki. "Ndiyo hiyo, Bosi!" aliita kupitia ukutani, kwa maana mumewe naye alikuwa na jina lake la utani. Akaivuta karibu. Kwenye jicho, chini kabisa, palikuwa na kitu kirefu cheusi kimelala sakafuni.

Alidhani ni begi la kamera. Akalifuta.

Ilimchukua kama sekunde thelathini. Alisafisha kingo, akaridhika, akahamia jicho la pili, akafuta na huko. Picha zilizofuata zilikuwa za meza tupu: kitambaa, meza, kitambaa, meza. Mbwa kagoma, aliwaza. Zikaendelea kuingia. Akapandwa na hasira kidogo, kwani kila picha tupu inakula nafasi, akapaza sauti bila kuvua hedfoni: "Bosi! Unanipigia meza?"

Hakujibiwa. Akamaliza kwanza jicho alilokuwa nalo, ndipo akainuka.

Namba ya mwisho kwenye folda ilikuwa mia moja thelathini na nane. Hakuhitaji kuifungua folda ili kupiga hesabu hiyo, namba zilisomeka nje. Kuanzia hamsini na tisa hadi mia moja thelathini na nane ni picha themanini. Themanini mara sekunde tano ni dakika sita na sekunde arobaini. Daktari alisema moyo ulisimama mara moja, na kwamba hata angekuwa mlangoni asingefanya lolote. Daktari ni mtu mwema. Kifutio alimsikiliza, akamshukuru, akaendelea kuzijua dakika sita na sekunde arobaini kama mtu anavyoijua namba ya nyumba yake. Na aliporudi kazini, wiki mbili baada ya mazishi, kila jicho alilolifungua alilifuta lote, mtu na mwanga na kila kitu, kwa brashi kubwa, bila kutazama. Hakuamua kufanya hivyo. Mkono ndio ulioamua.

Jumatano, saa mbili asubuhi, jua likiwa limeshaingia dirishani, alikaa akaifungua folda.

Alianza na namba moja. Karani kakaa. Akavuta karibu jicho la kushoto, asilimia mia nne, kama alivyofanya maelfu ya mara. Dirisha lilikuwemo, na taa, na stendi. Kando ya stendi alikuwemo mtu mwenye ukubwa wa punje ya maharage, shati lake la mistari, lile ambalo Kifutio alimkataza kulivaa mbele ya wateja. Namba nane, mtu kainua funguo. Namba kumi na tisa, mtu kachutama. Namba thelathini na moja, mtu kasimama wima, mkono mmoja juu na funguo, mwingine kiunoni, na mdomo wazi. Kifutio alijua alikuwa akifanya nini. Alikuwa akilia kama paka. Alikuwa na kipaji hicho, nyau ndefu yenye mlalamiko mwishoni, na mbele ya mashahidi angekana mpaka kesho. Karani katika picha hiyo kainamisha kichwa upande, na macho yake yanasema kwa uwazi kabisa kwamba huyu bwana hana akili timamu.

Hiyo ndiyo picha yenye uhai, na angeweza kuishia pale. Ndiyo iliyohitajika, na Ijumaa ilikuwa inakuja. Lakini aliendelea kubonyeza.

Hamsini na tano, mtu kazishusha funguo. Hamsini na sita, mtu kashika stendi. Hamsini na saba, mtu yuko chini zaidi, kapiga goti au kakaa. Hamsini na nane ile ya asili, isiyoguswa, alikuwepo. Kalala. Sasa akijua anachotazama alishangaa iliwezekanaje kudhani vingine, maana miguu ilionekana, na kiatu, na mistari ya shati. Alibaki akiitazama mpaka kioo cha kompyuta kikajizima chenyewe kwa kukaa bila kuguswa. Akagusa kipanya, kikawaka.

Hamsini na tisa, meza tupu. Sitini, meza tupu, lakini ukingoni mwa chini ulipita mgongo wa kahawia ukiwa na ukungu wa mwendo. Karani alikuwa ameruka chini. Kisha meza, meza, meza. Kifutio alizibonyeza zote, moja moja, hakuruka hata moja, kwa sababu alihisi ni deni dogo kabisa analoweza kumlipa mtu. Hapakuwa na cha kuonekana. Kitambaa cha kijivu, mkunjo ule ule upande wa kulia.

Mia moja thelathini na nane haikuwa meza tupu. Pembeni ya kitambaa mlango ulikuwa umefunguliwa, na mlangoni alisimama yeye mwenyewe, hedfoni shingoni, nyusi zimekutana, mdomo umeshafunguka kwa ajili ya kugomba. Macho yalikuwa bado hayajashuka sakafuni. Baada ya hapo alikimbia, mguu ukanasa kwenye waya, waya ukang'oka, na kamera ikakosa pa kutuma. Alikumbuka yaliyofuata bila picha: mbwa alikuwa amelala ubavuni mwa mumewe, kidevu juu ya kifua chake, na yeye akadhani mbwa ndiye aliyemwangusha mumewe. Alimvuta kwa ukosi, akamsukumia bafuni, akafunga mlango. Karani alibweka humo mpaka jioni, hakuna aliyemkumbuka.

Uso ule wa mlangoni ulikuwa na hasira za mtu anayeamini mumewe yupo. Kifutio hakuona huruma wala uchungu. Aliona tu kwamba yule mwanamke ana bahati, na kwamba imebaki sekunde moja.

Akafunga picha zote isipokuwa thelathini na moja. Aling'arisha manyoya, akaondoa tongotongo, akasawazisha kijivu cha kitambaa. Akafika machoni. Toa mtu, acha mwanga. Aliishika brashi, akaisogeza mpaka kwenye shati la mistari, na mkono ukabaki umetulia pale pale. Mwishowe akaiweka brashi chini. Akaihifadhi picha jinsi ilivyo, mtu na mwanga wake, akaituma.

Dada wa Makazi alijibu kwa sauti tena, mbwa wakitangulia kubweka. Halafu: "Eeh. Huyu sasa yupo."

Ijumaa saa tisa alasiri, daktari wa mifugo akiwa ameshaegesha gari na anakunywa maji kivulini, walifika fundi wa saa mstaafu na mkewe. Waliitaka picha kwanza, ndipo mbwa. Karani aliletwa, akakaa mbele yao, akabana miguu ya mbele, akangoja. Walitia sahihi ya kumchukua. Dada wa Makazi alipiga simu akipiga kelele kiasi kwamba mama mkwe alisikia kila neno kutoka chumba cha pili.

"Ameondoka, dada! Kwa gari! Kaketi mbele!"

"Vizuri," Kifutio alisema. "Nashukuru kwa kunijulisha."

Jumamosi asubuhi simu ililia tena. Safari hii Dada wa Makazi alikuwa na sauti ya mtu anayetembea juu ya vigae vilivyolowa.

"Dada, wale wazee wanampenda kupita kiasi. Jana kalala juu ya viatu vya mzee. Wanataka ile picha waikuze, waitundike sebuleni. Ila mkewe kavaa miwani, kaitazama vizuri, anasema kuna mtu ndani ya jicho. Anauliza kama mnaweza kumtoa."

Kifutio alitazama ukuta, lile tundu la waya.

"Ni kazi ndogo, najua," Dada aliendelea. "Mimi sikumwona hata. Nimewaambia wewe ndiye bingwa wa mambo hayo."

"Nitakujulisha," Kifutio alisema, akakata simu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kimoja kimekunjwa mikononi.

"Kumtoa nani?"

Angeweza kumpiga chenga. Angesema ni mambo ya kazi, mama, na mama mkwe angerudi kwenye vitambaa vyake, na jioni angeuliza swali lake, na angejibiwa. Badala yake Kifutio alivuta kiti cha pili, akakipangusa kwa kiganja, akaifungua thelathini na moja, akalivuta karibu jicho la Karani.

Mama mkwe aliketi. Alivaa miwani yake, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Ilimchukua muda. Kisha akaweka kidole juu ya shati la mistari, taratibu, na hakukiondoa.

"Anafanya nini hapo mdomo wazi?"

"Analia kama paka. Ili mbwa atazame."

"Bado tu?" mama mkwe alisema. "Alikuwa ananitia wazimu na hiyo nyau. Nilikuwa natoka kumtafuta paka, kumbe ni yeye kitandani." Alicheka kidogo, pumzi tu. Halafu akauliza, lakini sasa haikuwa kama jioni zile nyingine, alimgeukia kabisa. "Mwisho wake alisema nini?"

"Sijui, mama. Nilikuwa na hedfoni."

Mama mkwe alirudisha macho kwenye kioo.

"Hakuwa peke yake," Kifutio alisema. "Mbwa alishuka mezani akaenda kulala naye. Nilimkuta hapo. Mimi nilikuwa huku nyuma ya ukuta. Picha yake ilinifikia, ameanguka, alikuwa ndani ya jicho, amelala chini. Nilimwona." Alisikia sauti yake ikisoma maneno yale kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. "Nikamfuta. Nilikaa hapa nikamfuta, mama, macho yote mawili, yeye akiwa pale sakafuni. Nilidhani ni begi."

Kidole cha mama mkwe kilikuwa bado juu ya kioo. Nje mtu aliburuta geti la chuma, likagonga, likatulia. Kifutio alingoja. Kwa miezi miwili alikuwa amejiandaa kwa neno lolote litakalotoka kinywani mwa mwanamke huyu, na aliyapanga yote kwa ukali wake, kuanzia la chini hadi la juu.

"Huyo alikuwa anabwaga begi popote," mama mkwe alisema. "Tangu darasa la kwanza. Mlangoni, njiani, katikati ya sebule. Nimeteguka kifundo cha mguu kwa begi la yule mtoto. Hata mimi ningedhani ni begi."

Mkono wa kulia wa Kifutio, ule uliotulia kama wa daktari wa meno, ulianza kutetemeka juu ya kipanya. Mshale mdogo kwenye kioo ukacheza huku na huku juu ya jicho la Karani. Aliushika mkono huo kwa mkono wa kushoto, lakini haukutulia. Akauachia. Kilio kilimtoka kikiwa kibaya, cha kukwama kwama, kama bomba lililokaa muda mrefu bila maji, na mama mkwe akamvutia begani kwake, kitambaa cha kijivu kikiwa bado katikati yao.

Ilipopita, Kifutio alichukua simu akamwandikia Dada wa Makazi: Waambie mtu huyo hatoki. Kama hawamtaki, nitawatengenezea picha nyingine bure, lakini hiyo waniachie.

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akainuka akishikilia kiuno. Akaliruka begi pale mlangoni kama kawaida, akaenda kubandika maji ya chai.